Usimwambie Tesch

Kitu cha kwanza ambacho mgeni alikiona kwa Alwina Lochte ni kwamba alitembea kinyumenyume. Alikuwa na umri wa miaka sabini na saba, goti lake la kushoto lilikuwa la chuma, na bado aliwaongoza watu ndani ya Nyumba ya Jumapili huku uso wake ukiwaelekea wao na kisogo chake kikielekea kule anakokwenda. Hakugusa ukuta wala hakujikwaa kwenye kizingiti. Alijua ubao upi unalia na jiwe lipi limeinuka. Wageni waliokuja kwa mabasi kutoka San Antonio na Houston walisahau kutazama vitanda na majiko ya kale, wakabaki kumtazama yeye, kila mmoja akingoja aanguke.

Mtu mwenye jicho kali angeona na jambo la pili. Kila alipofika kwenye kabati la kioo karibu na dirisha, Alwina aligeuka akawapa wageni mgongo. Maneno ya daftari lililokuwa ndani ya kabati hilo aliyasoma hivyo hivyo, mkono mmoja ukiwa umeshika fremu ya mlango, na hakugeuka tena mpaka amalize. Wageni walidhani ni huzuni. Wengine walifungua mikoba yao kutafuta vitambaa. Walikosea, na yeye aliwaacha wakosee.

Mji wa Ottendorf umekaa bondeni, katikati ya vilima vya Texas, na una majengo manne ambayo watu huja kuyaona: kanisa la Walutheri la mawe meupe, ukumbi wa kwaya ya wanaume, banda la mawe la kukaushia nyama, na Nyumba ya Jumapili. Nyumba yenyewe ni chumba kimoja na dari, na ngazi ya kupandia darini iko nje. Akina Lochte wa zamani, wahamiaji kutoka Ujerumani, waliishi shambani, mwendo wa nusu siku kwa gari la farasi. Waliijenga nyumba hii ili wapate pa kulala Jumamosi, wasali Jumapili, kisha warudi kwa ng'ombe wao.

"Hapa walilala watu kumi na mmoja," Alwina aliwaambia wageni. "Watoto juu, baba na mama chini, na mama mkwe katikati ya baba na mama."

Watu walicheka.

"Mnacheka? Mngemuuliza bibi harusi kama alicheka."

Hivyo ndivyo alivyowashika. Akiwa ameshawashika aliwasimulia habari za mwaka 1862, wakati Kaskazini na Kusini zilipokuwa vitani, na vijana watatu wa bonde hili walipokataa kupigana upande wa wenye watumwa. Walijificha pangoni juu ya kijito. Ottilie Lochte, bibi wa babu yake Alwina, aliwapelekea chakula. Siku ya tisa wapanda farasi wa jeshi la Kusini walifika pangoni bila kumuuliza mtu njia, wakawanyonga wote watatu kwenye mti mmoja wa mwaloni.

Hapo Alwina aligeuka, akashika fremu ya mlango, akasoma maneno ya Ottilie. "Vijana wamekufa. Ranchi imewasaliti. Kahawa niliichemsha mimi."

Daima mgeni mmoja aliuliza, "Ranchi gani?"

"Siku zile bonde zima lilikuwa mashamba ya ngano na mahindi," Alwina alijibu. "Ranchi ilikuwa moja tu."

Hakulitaja jina, wala hakukuwa na haja. Lilikuwa limeandikwa kwenye kijitabu cha wageni, ukurasa wa sita, chini ya ramani: Ranchi ya Tesch. Kisha wageni walitoka barazani kunywa kahawa katika vikombe vidogo vya buluu. Iliitwa Kahawa ya Ottilie, na walikunywa kwa heshima.

Watoto wa Ottendorf walikuwa na mchezo wao wa kujificha, kama watoto wa kila mahali. Mmoja hufumba macho na kuhesabu, wengine hutawanyika, na kabla ya kunyamaza hupiga kelele kwa pamoja: "Usimwambie Tesch!" Hawakujua maana yake. Wazazi wao waliucheza hivyo hivyo.

* * *

Daftari lilipatikana mwaka 1968. Fundi aliyekuwa akitengeneza ukuta wa Nyumba ya Jumapili alitoa jiwe, na nyuma ya jiwe kulikuwa na kopo la bati, na ndani ya kopo kulikuwa na kurasa arobaini za mwandiko wa kalamu ya wino.

Mji mzima ulizungumza Kijerumani siku hizo, angalau jikoni na kwenye meza za karata. Kukisoma lilikuwa jambo jingine. Tangu vita vya kwanza vya dunia shule zilikuwa zimekatazwa kukifundisha, wazazi wakaona haya, na mwandiko wa kale ukafa pamoja na wazee walioujua. Alwina alikuwa na miaka ishirini na mmoja, ametoka chuo cha ualimu mwezi huo huo, na babu yake alikuwa amemfundisha mwandiko huo kwa majira mawili ya baridi. Walimletea daftari siku ya Alhamisi. Walitaka alisome Jumapili, mbele ya watu, katika ukumbi wa kwaya.

Mwandiko ule una hila zake. Herufi u na herufi n ni mapacha, vijiti viwili tu vilivyoshikana mikono. Kinachozitofautisha ni alama ndogo juu ya u, iliyopinda kama mwezi mchanga. Alipofika ukurasa wa mwisho, Alwina aliona R, akaona a, akaona vijiti viwili visivyo na mwezi juu yake, kisha c na h. Ranch. Neno hilo wahamiaji waliliokota hapa hapa Texas, na kila mtu alilijua.

Lakini neno halikukaa sawa. Kijerumani kina ngeli zake kama sisi tulivyo na zetu, na kineno kilichoitangulia ranchi hakikuwa cha ngeli yake. Ilikuwa kama mtu aandike "kitabu yangu." Alwina alikisoma tena. Alijiambia kwamba Ottilie alikuwa mkulima, na alikuwa analia. Hata hivyo alikwisha kusoma kurasa thelathini na tisa za mkulima huyo, na hakuwa amekuta kosa jingine hata moja.

Angeweza kuuliza. Mchungaji alikuwapo, na kule Austin walikuwapo maprofesa. Lakini ilikuwa Jumamosi mchana, na gauni lilikuwa limeshapigwa pasi.

Jumapili alisimama jukwaani, akasoma Kijerumani kwanza. Alipofika kwenye kile kineno, alifanya jambo ambalo mwalimu mpya angelifanya kwenye daftari la mwanafunzi. Alikisahihisha. Alisoma kama anayegeuza "kitabu yangu" kuwa "kitabu changu," akaendelea, na hakuna sikio hata moja ukumbini lililoshtuka. Kisha akatoa tafsiri. Halafu vichwa vikaanza kugeuka, safu baada ya safu, kuelekea benchi la waimbaji wa besi, alikokaa August Tesch.

Hakuna aliyemtukana August. Hakuna aliyemwambia aondoke. Jumapili iliyofuata alipokuja na kitabu chake cha nyimbo, wenzake wa besi hawakusogea kumpa nafasi, basi. Alisimama pale kwa muda wa ubeti mmoja, akatoka. Alikuwa ameimba miaka thelathini.

Alwina alipigiwa makofi. Alipewa funguo za Nyumba ya Jumapili, na funguo hizo zilikuwa bado mfukoni mwake.

* * *

Mwezi wa Juni mwaka huu alikuja msichana wa chuo kikuu, Marisol Cantú, mwenye miwani mikubwa na taa ya rangi ya zambarau. Kazi yake ilikuwa kupiga picha hati za zamani kabla hazijaoza. Alikuwa na adabu nyingi, na alimwita Alwina "bibi" kila baada ya maneno matatu.

"Bibi, samahani, una dakika moja?"

"Nina dakika nyingi, mwanangu. Basi la watalii limeharibika njiani, huko Comal."

"Hebu nisomee hapa, bibi."

"Hapo nimesoma miaka hamsini na sita. Naweza kukusomea nikiwa nimefumba macho."

"Najua, bibi," Marisol alisema. "Lakini leo soma ukiwa umeyafumbua."

Alizima taa ya dari, akawasha ile ya zambarau. Wino wa zamani ulikuwa umefifia juu ya karatasi, lakini chini ya mwanga ule maandishi yaliinuka meusi, hata yale yaliyokuwa yamefutika. Juu ya vijiti viwili vya neno lile palikuwa na mwezi mchanga. Mdogo, mwembamba, ulioandikwa kwa mkono usiotetemeka.

Haikuwa n. Ilikuwa u. *Rauch*. Moshi.

Kile kineno cha mbele, kilichomsumbua Alwina mwaka 1968, kilikuwa cha ngeli ya moshi. Kilikuwa kimekaa mahali pake muda wote huo, kikingoja.

"'Vijana wamekufa,'" Marisol alisoma polepole. "'Moshi umewasaliti. Kahawa niliichemsha mimi.'" Akavua miwani. "Masikini. Aliwasha moto pangoni ili awachemshie kahawa, na wapanda farasi wakauona moshi. Hakuwa anajisifu, bibi. Alikuwa anakiri."

Alwina alitafuta kiti, akakaa.

"Ripoti yangu itatoka mwezi wa Oktoba," Marisol alisema. "Itakuwa na maelezo kidogo kuhusu neno hili, maana ni kosa zuri sana. Yaani, samahani. Si zuri. Ni kosa ambalo mtu wa Texas pekee angelifanya. Kule Ujerumani nani angeona ranchi?" Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Kuna mtu yeyote jambo hili linamhusu? Familia, labda?"

"Hapana," Alwina alisema.

Neno hilo lilitoka upesi sana. Alilisikia likitoka, na alipotaka kulirudisha, Marisol alikuwa ameshaanza kukunja waya wa taa yake.

Jumamosi tatu zilipita. Jumamosi zote tatu Alwina aliwapa wageni mgongo akasoma ranchi. Ya kwanza alijiambia kwamba anangoja apate maneno mazuri. Ya pili alijiambia kwamba ni lazima kwanza azungumze na chama. Ya tatu hakujiambia kitu. Alikaa barazani na kikombe chake cha buluu, na kahawa haikupita kooni. Mtoto wa mgeni mmoja, aliyefika mjini asubuhi ile ile, alikimbia mbele yake akajificha nyuma ya tangi la maji, akaweka kidole mdomoni.

"Usimwambie Tesch!" alimnong'oneza. Alikuwa ameshafundishwa.

* * *

Mwenyekiti wa chama cha historia alikuwa Verlin Ahrens, mtu mnene mwenye kicheko, muuza mbegu na chakula cha mifugo. Alwina alimkuta kwenye ghala lake, kati ya magunia.

"Moshi?" Verlin alisema. "Alwina, dada yangu. Nani atapanda basi saa mbili nzima kuja kusikia habari za moshi?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Bamba la shaba limeshafika. Lile la kuweka njiani kwenda pangoni. Linafunuliwa Jumamosi ya kwanza ya Agosti, kwaya itaimba, na mimi nimenunua soseji za watu mia mbili. Na kwenye bamba imeandikwa ranchi. Shaba haifutiki kwa mate, unajua."

"Basi usilifunue."

"Na vikombe je? Tuna vikombe mia nne vya Kahawa ya Ottilie. Tutaandikaje? Kahawa Iliyowaua Vijana?"

"Verlin."

"Natania tu." Lakini aliacha kutabasamu. "Sikiliza. Jambo limekuwa la zamani. Tesch mwenyewe hajawahi kulalamika."

"Hajalalamika kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa naye karibu kiasi cha kumsikia," Alwina alisema. "Wewe ulikaa naye lini?"

Verlin alipapasa gunia lililokuwa mbele yake kama kwamba ni ng'ombe. Alikuwa mtu mwema, na kama watu wema wengi alipenda mambo yasuluhike bila yeye kuwapo.

"Nakupa dakika tano," alisema mwishowe. "Jumamosi, saa nne, ndani ya Nyumba ya Jumapili, kabla hatujaenda kwenye bamba. Ukisema uliyoniambia, bamba nalirudisha ghalani na nitajua la kufanya. Ukinyamaza, nalifunua. Lakini utasema wewe, Alwina. Mimi nitakuwa nageuza soseji."

* * *

Ilibaki kwenda kwa mtu mwenyewe.

Hilmar Tesch, mtoto wa August, alikuwa na miaka themanini na mmoja, na aliuza mapichi kando ya barabara kuu, chini ya paa la mabati, lori lake dogo la zamani likiwa nyuma yake. Alwina alimjua tangu utotoni, na tangu mwaka ule wa daftari mazungumzo yao hayakuwa yamezidi salamu. Aliegesha gari lake kwenye changarawe, akashuka, goti likalalamika.

"Mapichi yameisha," Hilmar alisema. Mbele yake palikuwa na makapu matatu yaliyojaa.

"Sikuja kununua."

"Basi yapo."

Alwina alibaki amesimama. Hakukaribishwa kiti, ingawa kilikuwapo kimoja, na paka amelala juu yake.

"Nimekuja kukuambia jambo kuhusu daftari la Ottilie."

"Mwalimu, daftari hilo nimeshaambiwa. Nimeambiwa na mji mzima. Mwaka juzi niliambiwa na mtoto wa chekechea."

"Nililisoma vibaya."

Hilmar alikuwa akikata pichi kwa kisu kidogo cha mfukoni. Kisu kilisimama.

Alimweleza yote: vijiti viwili, mwezi mchanga, taa ya zambarau. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuruka mbele, yeye aliyekuwa amesimulia kwa ufasaha maisha yake yote. Hilmar alisikiliza akiwa ameangalia barabara.

"Rudia kwa Kijerumani," alisema. "Kama alivyoandika yeye."

Alwina alirudia. *Vom Rauch verraten*. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu mtu yeyote azungumze lugha hiyo chini ya paa lile la mabati.

"*Vom Rauch*," Hilmar alisema. Kisha akajaribu ile nyingine kinywani, kama mtu anayeonja maziwa aone kama yamechacha. "*Vom Ranch*." Akatikisa kichwa. "Hapana. Hakuna mtu wa bonde hili anayesema hivyo. Hata mlevi hasemi hivyo. Mimi nilikuwapo ukumbini, mwalimu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Ningelisikia."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Alwina alikuwa ameendesha gari maili kumi na moja akitumaini kwamba hatafika hapo.

"Hukulisikia kwa sababu sikulisoma," alisema. "Niliona kwamba halikukaa sawa. Nikalisahihisha. Nilisoma kama ambavyo lingepaswa kuwa kama ingekuwa ranchi."

"Ulijua?"

"Sikujua kwamba ni moshi. Nilijua kwamba kuna kitu."

Lori la ng'ombe lilipita, likayumbisha mabati. Hilmar alingoja lipite kabisa.

"Kwa hiyo kama ungelisoma kama lilivyo," alisema polepole, "ukumbi mzima ungekucheka."

"Ndiyo."

"Wangesema, binti wa Lochte amesoma chuo lakini hajui kusema ranchi. Halafu mmoja angesema, hebu lete nione. Na lingejulikana siku ile ile. Kabla ya chakula cha mchana."

"Ndiyo, Hilmar."

"Na baba yangu angekuwa wa kwanza kucheka. Unakikumbuka kicheko chake?"

Alwina alikikumbuka. Kilikuwa kicheko cha besi, kilichoanzia chini ya benchi.

"Miaka kumi na minne," Hilmar alisema. "Hakumlaumu mtu wa mjini. Aliamini kilichosomwa. Alikaa na Biblia ya familia, yenye majina ya wajomba na ndugu wote wa mwaka ule, akitafuta ni yupi aliyesaliti. Alikata jina moja, akarudi akalikata jingine. Alipokufa yalikuwa yamebaki mawili. Moja lilikuwa la mtoto wa miaka saba."

Paka aliamka, akajinyoosha, akalala tena.

"Na hiyo kahawa?"

"Aliichemsha Ottilie. Moto ulikuwa wake."

"Kwa hiyo ni akina Lochte."

"Ni akina Lochte."

Hilmar alitafuna kipande cha pichi kwa muda mrefu. "Usimwambie Lochte," alisema, kama anayepima. "Haina mdundo. Watoto hawataikubali."

Ilikuwa karibu ya mzaha, na Alwina aliinua macho kwa tumaini. Uso wa Hilmar haukuwa na mzaha wowote.

"Jumamosi nitasema," Alwina alisema upesi. "Saa nne, mbele ya watu wote. Mchungaji atakuwapo, kwaya itakuwapo. Bamba halitafunuliwa nikishasema."

"Utasema ukiwatazama? Nasikia huwa unawapa mgongo."

"Nani kakwambia?"

"Watalii nao hula mapichi."

"Nitawatazama. Na nataka wewe uwepo. Nitakuwekea kiti mbele."

"Sijaingia nyumba hiyo tangu mimi ni kijana."

"Najua. Sitaanza mpaka uingie."

Hilmar alifuta kisu kwenye suruali yake, akakikunja.

"Basi huenda usianze," alisema.

* * *

Jumamosi ya kwanza ya Agosti kulikuwa na joto tangu asubuhi. Watu walijaza Nyumba ya Jumapili, wakajaza baraza, wakasimama kwenye ngazi ya nje hadi juu kabisa. Kwaya ilikuwa imevaa fulana za kijani. Harufu ya soseji ilitoka nyuma, na moshi wake ulipita dirishani ukielekea kanisani, na Alwina aliutazama mpaka ulipoishia.

Hakuwa ameandaa vikombe. Watu walimwuliza, akasema, "Leo hakuna kahawa." Walidhani birika limeharibika.

Aliingia kwa mlango wa mbele akitembea kama watu wote wanavyotembea, na wale waliomzoea walitazamana. Alilitoa daftari kabatini akalilaza juu ya meza, karibu na taa ya zambarau aliyoiazima kwa Marisol. Kisha akasimama mbele ya kabati, mgongo wake ukiwa kwenye kioo na uso wake ukiwa kwao. Hakuwa amewahi kuwaona kutoka pale. Walikuwa wengi, na walikuwa na nyuso. Alimwona mjane wa mmoja wa waimbaji wa besi, mzee sana sasa, ambaye mumewe hakusogea.

Kiti cha safu ya mbele kilikuwa tupu. Mwanamke mmoja wa Houston alitaka kuketi.

"Samahani, mama," Alwina alimwambia. "Kina mwenyewe."

Saa ya kanisa iligonga. Kwaya ilikohoa. Mtoto aliulizwa kama anataka kwenda msalani, akasema hapana, halafu akasema ndiyo. Verlin alichungulia kutoka nyuma, aproni ikiwa imeroa jasho.

"Alwina. Saa nne na robo."

"Tunangoja."

"Tunamngoja nani?"

Alikitazama kiti cha mbele. Aliweza kuanza, alijua hilo. Maneno alikuwa nayo, na dakika tano alikuwa nazo, na hakuna aliyemshika mdomo. Lakini mara moja tu maishani mwake alikuwa amesoma ukurasa huu wakati Tesch akiwa ukumbini, na aliapa kwamba mara ya pili haitakuwa nyuma ya mgongo wake.

"Alwina," Verlin alisema tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Soseji nimeziondoa motoni. Nilisema nitakuwa huko, lakini nimekuja. Sawa? Niko hapa. Sema tu."

"Bado, Verlin."

Mchungaji alitazama saa yake ya mkononi. Mjane wa yule mwimbaji wa besi alikitazama kiti kitupu, kisha akamtazama Alwina, na kitu fulani kikaanza kumpambazukia usoni. Polepole, bila kuambiwa na mtu, alisogeza mkoba wake na miguu yake, akaacha nafasi ya kupita.

Nje, nyuma ya tangi la maji, watoto walikuwa wamechoka kungoja wakaanza mchezo wao. Mmoja alihesabu kwa sauti. Wengine walikimbia huku na huku kwenye changarawe, wakacheka, wakajibanza.

"Usimwambie Tesch!" walipiga kelele wote pamoja, kisha wakanyamaza.

Katika kimya hicho Alwina alisikia gari. Lilikuwa lori dogo la zamani, lenye bomba la moshi lililotoboka, linalokuja kutoka upande wa barabara kuu. Watu mlangoni waligeuza vichwa. Lilipita kanisani, likapita ukumbi wa kwaya, na lilipokaribia lango la Nyumba ya Jumapili, injini ikabadilisha sauti, likaanza kupunguza mwendo.

Alwina aliweka kidole kwenye mstari wa mwisho wa ukurasa, akawasha taa, akainua macho kuelekea mlangoni.